Kungu wa Maji Mafupi

Katika vitabu vya shule twasoma sana habari za wafalme, za misafara na za vita. Habari za kitoweo hazisomwi sana. Lakini mtu aketipo jioni kula ugali wake, hali ufalme wala hali vita; ala samaki, na samaki huyo ana historia yake kama mfalme alivyo na yake. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu, ambao nyumba zao haziko mbali na bahari, kama wamjua kungu. Wachache tu waliinua mikono, na mmoja wao akasema alimwona sokoni, ndani ya sanduku la barafu. Hapo nikaona ni wajibu wangu kuandika habari za samaki huyo mwekundu, na za watu waliomvua katika maji mafupi ya pwani ya Mzizima, yaani nchi ambayo siku hizi yaitwa Kinondoni, Temeke na Kigamboni, viungani mwa mji wa Dar es Salaam.

Kwanza nieleze maji mafupi ni nini, kwa ajili ya ndugu zetu wa bara. Bahari yetu haishuki ghafula kama kisima. Mahali pengi, tangu ufukoni, ardhi yaendelea chini ya maji kama uwanja, mchanga na matope na majani ya bahari, hata kufika kwenye mwamba wa matumbawe ambapo mawimbi huvunjika. Mchanga ukiinuka katikati ya maji twauita fungu, na ndiyo maana kisiwa kimoja kidogo cha mchanga mbele ya Kunduchi chaitwa Fungu Yasini. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Mwezi uandamapo, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Katikati ya bamvua mbili huwa maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu saa kumi. Mtoto wa pwani hakuhitaji saa ya ukutani. Aliutazama mwezi, akajua.

Basi maji yakipwa, uwanja ule huwa wazi, na watu hushuka na vikapu kama waendao shambani. Nao kwa kweli ni shamba, ila shamba hili halikuwa na haja ya jembe wala chombo. Mjane, mzee, mtoto, na yeyote asiye na ngalawa wala nyavu, wote waliweza kushuka na kurudi na kitoweo.

Tena kuna majira. Tangu Aprili au Mei hata Septemba huvuma kusi, upepo wenye nguvu, na bahari huchafuka. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi. Jua huwa kali, maji huwa na joto, na siku nyingi bahari hutulia na maji huwa safi hata mtu auona mchanga chini ya mtumbwi. Hayo ndiyo majira ambayo wavuvi wa vyombo vidogo huyangoja, na ndiyo majira ambayo wazee wetu waliwangojea kungu wakubwa pembeni mwa mafungu.

Sasa nimweleze kungu mwenyewe. Ni samaki mwenye mwili mzito, magamba makubwa, meno makali, na rangi nyekundu ya udongo uliochomwa. Akikomaa aweza kupita urefu wa meta moja, na wataalamu waliowachunguza samaki wa namna hii wameona kwamba waweza kuishi zaidi ya miaka 30. Lakini jambo kubwa la kujua ni hili: kungu ana nyumba tatu. Mayai hutagwa mbali, penye maji mengi, na vitoto huchukuliwa na mikondo hata kufika penye mikoko, katika mikono ya bahari iingiayo nchi kavu. Humo, katikati ya mizizi, hujificha na kukua kwa miaka kadhaa. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Wakipata nguvu hutoka, wakapita mafungu na majani ya bahari, wakila kaa na kamba na samaki wadogo. Hiyo ndiyo nyumba ya pili. Mwisho huenda kukaa mwambani, penye mapango ya matumbawe, na huko ndiko wakomaako na kuanza kuzaa. Hiyo ndiyo nyumba ya tatu. Hata akiwa mkubwa, kungu hurudi maji mafupi kutafuta chakula wakati maji yanapojaa, hasa usiku. Kwa hiyo mvuvi amshikaye katika fungu amshika njiani tu. Nyumba moja ikibomolewa, njia nayo hukauka, hata kama fungu lenyewe halikuguswa.

Uvuvi wa maji mafupi ni kazi ya kale sana. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa kwa Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aandikaye Kigiriki alitunga kitabu cha safari za bahari yetu, kiitwacho Periplus. Ndani yake ataja kisiwa kiitwacho Menuthias, ambacho wataalamu wengine wadhani ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia. Asema kwamba watu wa huko walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na mitumbwi ya gogo moja, ambayo kwayo walivua samaki na kasa. Tena asema walikuwa na vikapu vya kusukwa, wakivitega katika milango ya maji katikati ya miamba. Msomaji wa pwani akisoma maneno hayo ashangaa, kwa maana mtego wa kusukwa katika mlango wa maji si jambo geni kwake. Karibu miaka elfu mbili imepita, na mtego ule ungali wajulikana.

Mitego ya wazee wetu ilikuwa ya namna nyingi. Palikuwa na uzio, yaani ukuta wa fito zilizofungwa kwa kamba na kusimamishwa juu ya mchanga kama mikono miwili iliyofunguliwa. Samaki waliingia pamoja na maji yaliyojaa, na maji yalipopwa wakajikuta ndani. Palikuwa na dema, kikapu kikubwa kilichosukwa kwa matundu, chenye mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Matundu ya dema yalikuwa makubwa, hata samaki mdogo aliweza kutoka. Palikuwa na mshipi na ndoana, na chubwi ya kuuzamisha. Wanawake walitanda nguo majini wawili wawili, wakakusanya dagaa na uduvi. Wengine walichokoa pweza katika mashimo, wengine waliokota chaza na kombe. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi zote hizi zilimwinamisha mtu, zikamfundisha kungoja maji.

Samaki hawa ndio waliojenga miji. Pale Kunduchi pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, na hayo yaonyesha kwamba watu walikaa pale na kufanya biashara karne nyingi zilizopita. Msasani, Mzizima na Mbwamaji walikaa Washomvi, wavuvi na wachumaji wa chumvi. Nyuma yao, penye mashamba, walikaa Wazaramo. Masimulizi ya pande zote mbili yasema kwamba Wakamba walipoushambulia ufuko, Washomvi walimwomba Pazi Kilama wa Wazaramo awasaidie, na baada ya ushindi wakawa wakimpa ushuru wake. Tangu hapo samaki wakavu na chumvi vilipanda bara, na nafaka ikashuka pwani. Ng'onda moja ilikuwa kama hati ya mapatano: wa bara hakuweza kuishi bila chumvi, wala wa pwani bila mtama.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji wake karibu na Mzizima, akauita Dar es Salaam. Akafa mwaka 1870 kabla haujakamilika. Wajerumani wakafika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya makao makuu ya utawala wao. Mji ukataka nyumba, na nyumba zikataka boriti na chokaa. Hapa, wasomaji, tuangalie vizuri. Boriti zilikatwa mikokoni. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe, na kuni za kuyachomea nazo mara nyingi zilikuwa za mikoko. Katika tanuri moja nyumba mbili za kungu ziliteketea pamoja, ya utoto wake na ya utu uzima wake. Wajerumani wenyewe waliona mikoko yapungua, na mwaka 1898 waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya ulinzi wa serikali. Lakini kazi ya matanuri haikukoma pwani. Iliendelea kwa muda mrefu baada ya wao kuondoka.

Hata hivyo, kwa miaka mingi samaki walikuwapo. Nami nalishuhudia mwisho wa siku hizo. Katika kaskazi ya mwaka 1999, nikiwa mtoto wa miaka 9, babu yangu mzaa mama alinichukua usiku wa bamvua katika mtumbwi wake, tukatoka upande wa Mtoni Kijichi. Maji yalikuwa yamepwa. Akausukuma mtumbwi kwa pondo mpaka mlangoni pa mkono wa bahari, mahali ambapo maji yajaayo hupita kwanza kabla ya kutapakaa juu ya mafungu. Akatia kaa katika ndoana, akaushusha mshipi, akanyamaza. Nikamwuliza, "Babu, twangoja nini?" Akajibu, "Twangoja maji, mjukuu wangu. Maji yakija, naye aja." Hata karibu saa saba ya usiku mshipi ukakazika, mtumbwi ukageuka wenyewe. Walishindana muda mrefu, na samaki alipolazwa chini ya mtumbwi, alikuwa mrefu kama mguu wangu, na macho yake yalimeta kwa mwanga wa mwezi.

Asubuhi, tuliporudi kupitia mikokoni, nikaona kungu wadogo wengi katika mizizi, nikataka kuwatega. Babu akanizuia, akasema, "Hao ni watoto wa shule. Ukiwala leo, nani atahitimu?" Babu hakusoma shule hata siku moja. Lakini jambo aliloniambia ni lile lile niliyoyasoma baadaye vitabuni juu ya nyumba tatu.

Sasa nifike kwenye habari ya huzuni. Katika miaka ya 1960 mishindo ya baruti ilianza kusikika katika pwani ya Tanzania. Watu waliiona baruti ikipasua mawe na barabara, wakaitumia kupasulia bahari. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilikataza jambo hilo. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini vikatengwa viwe hifadhi, na mwaka 1994 ikatungwa sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Lakini sheria ilikuwa katika karatasi, na bahari haikuwa na askari wa kutosha. Mji nao ulikua upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilipata watu wapatao 356,000 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2012 ilipata 4,364,541. Ya mwaka 2022 ikapata 5,383,728. Watu wote hao wataka kitoweo, na mtu mwenye haraka alipata mnunuzi kila siku.

Baruti hufanyaje? Mshindo wake hupasua kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki. Mkubwa na mdogo hufa pamoja, na wengi huzama wasiokotwe na mtu. Matumbawe huvunjika yakawa kokoto, na kokoto hizo hubingirika kwa mawimbi, hata matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika. Mwamba uliojengwa kwa mamia ya miaka huharibika kwa dakika moja, na wala haurudi katika maisha ya mtu aliyeuharibu.

Lazima niseme ukweli wangu, ili nisionekane mwenye mikono safi. Mwaka 2004 nilikuwa na mama katika maji mafupi upande wa Mbwamaji, tukichokoa pweza. Mshindo ulifika kwanza miguuni, ndipo masikioni. Watu wa mashua moja wakazoa samaki wakubwa upesi, wakaenda zao. Baadaye mkondo ukaleta kwetu waliobaki: changu, tasi, na kungu wasiozidi kiganja. Mama akatazama kikapu chake, kisha akanitazama mimi. Nyumbani palikuwa na watoto wanne, na unga wa siku moja. Tukaokota. Tulipowapasua, nyama yao ilikuwa imelegea, na mifupa ya migongo imevunjika. Jioni babu akaja, akala pamoja nasi, kwa maana hakuwa mtu wa kumwaibisha binti yake. Alipokwisha kunawa akasema, "Kitamu. Lakini hawa si samaki waliovuliwa. Hii ni mbegu iliyokaangwa."

Kila mkulima aelewa neno hilo. Mwaka wa njaa mtu hushawishika kula mbegu, wala hatumwiti mwovu. Lakini twajua mwaka ujao utakuwaje. Tangu siku ile sikuweza kuwalaani wavuvi wa baruti kana kwamba mimi si mmoja wa walaji wao. Aliyelipua ana kosa lake, na anunuaye samaki aliyelegea huku akijua ana lake.

Mwaka 2015 wataalamu walisafiri kwa chombo katika pwani ya Tanzania kwa siku 31, wakiwa na vyombo vya kusikilizia sauti za majini. Walisikia mishindo zaidi ya 300, na zaidi ya nusu yake ilikuwa katika kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani si mbali na macho ya serikali, bali mlangoni pake. Baada ya hapo polisi, maofisa wa uvuvi na idara nyingine wakafanya kazi kwa umoja, na katika miaka michache iliyofuata mishindo ikapungua sana. Jambo hilo ni la kushukuriwa, nalo lathibitisha kwamba uharibifu huu haukuwa kama mvua, ambayo mwanadamu hawezi kuizuia.

Si haki kuweka lawama yote juu ya baruti. Juya likokotwalo juu ya majani ya bahari hung'oa malisho na kuzoa vitoto. Taka za mji zashuka kwa mito. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa, na hilo halikufanywa na mvuvi yeyote wa Kunduchi wala wa Kigamboni. Lakini mwenye nyumba ambayo paa lake limepeperushwa na upepo hana sababu ya kubomoa kuta kwa mikono yake.

Basi tufanye nini? Historia hii yanifundisha kwamba maji mafupi yalidumu kwa sababu vifaa vya wazee viliwaachia samaki nafasi, na kwa sababu watu waliokula pale leo walijua watakula pale pale kesho. Hatuwezi kurudisha siku za Pazi Kilama, wala mji wa watu milioni tano hautalishwa kwa madema. Lakini yako mambo yanayowezekana. Huko Pemba watu wa Kisiwa Panza walikubaliana kuifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaifungua siku moja kwa mavuno. Huko Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji tangu mwaka 2013 wailinda mikoko yao katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, na fedha waliyopata wameitumia kwa maji na shule. Nasi katika nchi yetu tuna vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo sheria yavitambua. Kikundi kisicho na watu ni jina tu. Nawasihi wanaume na wanawake wa pwani, hasa wanawake, ambao ndio wenye shamba hili tangu zamani, waingie humo na kusema yale wayajuayo. Nao walio mbali na bahari wana neno moja la kumwuliza mchuuzi: "Samaki huyu alivuliwaje?" Nyama ikiwa imelegea na mfupa umevunjika, wamrudishe.

Mwisho, nawaomba walimu wenzangu wa Kinondoni, Temeke na Kigamboni wafanye kama nilivyofanya mimi baada ya wanafunzi wangu kushindwa kunijibu. Niliwapeleka mikokoni siku ya bamvua, saa nne asubuhi. Tulisimama kimya penye kidimbwi kilichobaki katika mizizi, hata mtoto mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, yule!" Alikuwa kungu mdogo, si mrefu kuliko kidole, mwenye mistari ubavuni. Wakaniuliza kama waweza kumshika, nami nikawapa jibu la babu.

Wahenga walisema, maji yakijaa hupwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba yakipwa hujaa. Hilo halina shaka, kwa kuwa mwezi ndio uyavutao. Lakini kungu harudi kwa sababu ya maji peke yake. Harudi asipokuta nyumba.